Lella Analipa Siku

Jumapili, 12 Januari

Naandika kwenye daftari la famasi, lenye tangazo la dawa ya kikohozi kwenye jalada, kwa sababu nyumbani leo hakuna pa kusema neno likasikika. Fundi Hattab alifika saa mbili asubuhi na nyundo zake, na kufika saa nne choo cha kuchuchumaa alichokijenga marehemu baba mkwe kilikuwa vipande ndani ya toroli.

"Siku tisa," kaniambia. "Kumi mvua ikinyesha."

Hapa Béja, kaskazini mwa Tunisia, Januari yote ni mvua, na mtu mzima anasema "mvua ikinyesha".

Nimelitaka bafu hili kwa miaka. Dada yangu Sonia anaishi Lyon. Alipokuja mwaka juzi, mtoto wake wa mwisho alichungulia lile tundu akaangua kilio, na jioni hiyo wakahamia hotelini. Mtoto nimeshamsamehe. Sonia anakuja tena Ramadhani, na safari hii atakuta choo cha kukaa, cheupe, na maji ya moto yanayotoka juu. Mume wangu Ridha alikubali bila kubisha. Yeye anaendesha lori la ngano mpaka Gabès huko kusini, nyumbani yupo siku mbili kwa wiki.

Mama yake, Mabrouka, ambaye tunamwita Lella kwa heshima, ana miaka sabini na sita na hii ni nyumba alimoolewa. Hatukumwomba shauri, tulimwarifu tu. Wakati wa chakula cha mchana alingoja kelele zitulie, akauliza, "Haya. Na mimi nitakwenda wapi?"

"Kwa Dalila, Lella, kama sisi sote," nikamjibu. "Ni mlango wa pili tu. Au tukuitie teksi?"

Wanangu pacha, Ilyes na Skander, walicheka mpaka wakagongana vichwa. Binti yangu Wafa akacheka. Hattab naye, mdomo umejaa mkate, akacheka. Lella alikuwa anatazama sahani yake. Nilidhani hakusikia vizuri.

Jumanne, 14 Januari

Vumbi kwenye kuskusi. Vumbi kwenye sukari. Skander kapiga chafya mpaka kutoka damu puani.

Alhamisi, 16 Januari

Tumeshazoea, kila mtu na njia yake. Wafa, aliye mwaka wa mtihani mkubwa, anamaliza haja zake shuleni na nywele anaosha kwenye sinki la jikoni, ndiyo maana jana nimekuta unywele kwenye supu. Mimi natumia choo cha famasi ninapofanya kazi. Kuoga ni kwenye hamamu, bafu la umma, siku ya Jumamosi. Pacha wanakwenda kwa Dalila mara kumi kwa siku, hata wakiwa hawana haja, kwa sababu ya televisheni.

Maana nyumba ya Dalila, Mungu ambariki kwa ukarimu wake, mlango wa choo unafungukia sebuleni. Na sebuleni yupo mumewe, Hsan, tarishi mstaafu, mguu juu ya stuli, tangu asubuhi mpaka usiku. Unaingia, unamsalimu, anaitikia, unapita mbele yake. Ukishafunga mlango anapunguza sauti ya televisheni kwa heshima, na hapo ndipo unapotamani angeiongeza.

Lella leo kafunga. Ni Alhamisi, na mwezi ni wa Rajab, nikaona sawa. Sikupika mchana.

Jumatatu, 20 Januari

Hattab alipaswa kumaliza leo. Amemaliza kuvunja.

Lella kafunga.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua. Vigae vimekuja vya kijani, mimi niliagiza vyeupe. Hattab anasema kijani kinapumzisha macho. Nimemwambia macho yangu yatapumzika kaburini, arudishe vigae vya watu. Wiki nyingine imekwenda hapo.

Jumatatu, 27 Januari

Niseme kweli, Lella ananichosha. Alifunga Alhamisi, akafunga Ijumaa, akafunga Jumamosi na Jumapili, na leo pia. Asubuhi nimemwekea chai mezani kwa makusudi.

"Nimefunga, Naziha."

"Hata jana ulifunga, Lella. Jana haikuwa siku ya sunna."

"Nalipa siku, mwanangu. Ramadhani hiyoo inakuja."

Mimi nina siku saba za Ramadhani iliyopita, siku zangu za mwezi kama kila mwanamke, na sijalipa hata moja. Kila akisema "nalipa", mimi nasikia "na wewe je?" Amekaa hapo na tasbihi, midomo imekauka, na mimi napita mbele yake na kikombe cha kahawa kama mwizi. Dalila naye ananiambia juu ya ukuta wa uani, "Mkweo amekuwa walii! Bahati yenu, baraka imo ndani ya nyumba." Nimemwambia aje aichukue.

Jambo moja la kuchekesha. Kila alfajiri na kila baada ya kufuturu anasimama ukutani, anasikiliza, kisha anauliza, "Hsan ameshakwenda msikitini?"

"Bibi, unamtakia nini Hsan wa watu?" Wafa kamuuliza leo. "Sema tukupelekee posa."

"Nyamaza wewe, mtoto usiye na haya," kasema Lella, lakini alikuwa ameshajitanda shuka lake na yuko mlangoni. Wafa na mimi tumecheka mpaka tukashikana.

Jumapili, 2 Februari

Lella anafuturu tende tatu, vijiko vitano vya supu, basi. Chai hataki. "Itaniamsha usiku," anasema. Miaka ishirini chai yangu haijawahi kumwamsha. Anaikataa mbele ya Ridha ili Ridha aone, ndivyo ninavyofikiri.

Ridha anasema, "Muache Mama na ibada yake."

Hattab kapanga vigae ukuta mmoja. Vyeupe. Ni vizuri, sitasema uongo.

Alhamisi, 6 Februari

Leo famasini alikuja mwanamke mmoja, mcheshi, ananunua dawa ya presha ya mama yake. Akaanza kunilalamikia kuwa mama yake naye anataka kufunga kabla ya Ramadhani, eti kulipa. "Nikamwambia, Mama, unalipa nini? Damu ilikoma mimi nikiwa shule ya msingi! Mwanamke wa umri wako ana siku gani za kulipa?" Wote kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka, halafu nikasimama na boksi la vidonge mkononi.

Lella alifunga Ramadhani nzima mwaka jana. Mimi ndiye niliyempikia. Hakuumwa, hakusafiri, hakuacha hata siku moja. Analipa nini?

Nilijua pale pale, na haikuhitaji akili nyingi. Mtu asiyekunywa hana haja ya kwenda. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kufua nguo yake ya ndani mbele ya mumewe, mimi nimemwambia apite mbele ya Hsan, tena nikamwambia kwa mzaha, fundi akisikiliza. Anakwenda mara mbili tu kwa siku, alfajiri na isha, Hsan akiwa msikitini. Ndiyo maana anasikiliza ukutani. Na sisi tulimcheka.

Famasini kwetu tunakodisha vile viti vya choo vya wagonjwa, vyenye ndoo chini. Vipo viwili stoo. Nilifungua mlango wa stoo nikavitazama. Nikafikiria kukibeba kimoja mpaka nyumbani, kukiweka chumbani kwake, kumwambia, naye ajue kuwa nimejua, na kila siku mimi ndiye wa kumwaga ndoo kabla ya kazi na baada ya kazi. Nikafunga mlango.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza Hattab zimebaki siku ngapi. Kasema nne.

Siku nne tu. Ameshavumilia wiki tatu, nne hazitamshinda. Tena kusema kweli yote, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: Lella akiwa amefunga, mchana sipiki, sioshi vyombo, wala hakuna anayeniambia pilipili ya harisa imezidi chumvi. Nimepumzika.

Jumamosi, 8 Februari

Mvua. Hattab hakuja.

Jumapili, 9 Februari

Mvua. Sonia kapiga simu: hawaji Ramadhani, tiketi zimepanda, watakuja kiangazi. Nikamwambia hakuna neno.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua. Hsan ana mafua, anasali nyumbani. Nimemsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta muda wa isha. Lella naye alimsikia. Akaketi tena, akavua shuka.

Sikumuuliza kitu.

Jumanne, 11 Februari

Mvua. Hattab hakuja. Hsan hakutoka.

Jumatano, 12 Februari

Vivyo hivyo.

Alhamisi, 13 Februari

Nilirudi saa kumi. Pacha walikuwa barazani wamekaa kimya, na hiyo peke yake ilitosha kunitia hofu.

"Bibi anaongea na mtu," kasema Ilyes.

"Na nani?"

"Hayupo."

Lella alikuwa amelala juu ya zulia la kusalia, ubavu mmoja, buibui limelowa. Anatetemeka, na mwili unaunguza. Nilipomshika akanitazama akaniita Khadouja. Khadouja ni dada yake aliyekufa kabla sijaolewa.

"Khadouja, wametoka wanaume?"

"Wametoka," nikamwambia. "Wametoka wote. Hayupo mtu."

"Basi nishike mkono."

Nilimwinua, nikamvua, nikamfuta kwa maji ya birika huku Skander akiwa amemkimbilia Dalila. Mkojo ule ulikuwa na harufu ninayoijua. Natoa dawa za maambukizi ya mkojo kila siku ya Mungu, na kila boksi ninalokabidhi nasema maneno yale yale: kunywa maji mengi, mama, usibane mkojo. Nimeyasema leo asubuhi kwa wanawake wawili.

Hsan ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari lake. Aliacha televisheni inawaka, akaja na kandambili, mafua na yote. Njia nzima alikuwa anasema, "Hajambo, hajambo, inshallah hajambo." Lella alipomsikia sauti alijifunika uso.

Daktari ni msichana mdogo, nadhani anamzidi Wafa kwa miaka kumi tu.

"Mara ya mwisho kunywa maji ilikuwa lini?"

Kabla sijafungua mdomo Dalila akajibu, "Alikuwa amefunga, daktari. Mwezi sasa anafunga. Ni mcha Mungu huyu."

"Mwezi mzima? Miaka sabini na sita?" Daktari akanigeukia mimi. "Wewe ni binti yake?"

"Mkwewe."

"Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Akanitazama, akatazama karatasi yake, akanitazama tena. "Unauza dawa," akasema. "Na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa Mungu amempa ruhusa asifunge?"

Nikasema, "Ni mkaidi." Ndilo neno lililonitoka. Yeye amelala pale hajitambui, na mimi namsingizia.

Maambukizi yamepanda mpaka kwenye figo, na yameingia kwenye damu. Wamemtia dripu mikono yote miwili. Daktari kasema usiku huu na kesho ndio wakati wa kuangalia. Nimempigia Ridha simu akiwa njiani, Sfax, nikamwambia mama anaumwa. Kauliza kisa nini. Nikasema saumu.

Ijumaa, 14 Februari

Ridha kafika asubuhi, hajanyoa, macho mekundu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akambusu mama yake mikono, ile sehemu isiyo na sindano.

"Mama na ibada zake," akaniambia ukumbini. "Ungemfanyaje? Umefanya uwezavyo, Naziha. Nyumba, kazi, watoto, mafundi, na yeye juu. Najua."

Akanishika bega. Nilikuwa na neno mdomoni kabisa. Nikamwambia akatafute kahawa, uso umempauka.

Homa haijashuka.

Jumamosi, 15 Februari

Imeshuka kidogo. Ananijua sasa. Ameniita Naziha, akauliza kama pacha wamekula.

Wanawake wa mtaa wamejaa wodini na machungwa. Kila mmoja anasimulia saumu ya Lella, na kila anayesimulia anaongeza siku. Sasa wameshafika miezi miwili. "Alikuwa anajiandaa kukutana na Mola wake," kasema mmoja, na Lella amelala pale macho kwenye dari. Mimi nilikuwa namenya machungwa. Nimemenya machungwa ya ukoo mzima.

Jumatatu, 17 Februari

Hattab kamaliza. Mvua imekata na siku mbili zimemtosha. Kiti cheupe, sinki jeupe, vigae vyeupe mpaka darini, maji ya moto. Pacha wamevuta maji mara ishirini.

Akanawa mikono, akauliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia anapata nafuu. Sijui kilichonisukuma, labda ni kwa kuwa yeye si wa nyumbani, nikamwambia kilichomlaza. Nikamwambia hakuwa na pa kwenda.

Hattab akaketi juu ya ndoo yake ya saruji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba bibi hawezi kwenda kwa jirani. Mimi nilisikia ule mzaha wa teksi, nikacheka, nikadhani kwa jirani panamfaa. Kwenye nyumba yenye mzee asiyetoka hatuvunji choo kwanza, dada yangu. Kinavunjwa mwisho. Na hata kikishavunjwa, kiti hiki kilikuwepo uani tangu siku ya pili, si ulikuwa unakifunika kwa nailoni mwenyewe? Ningekiunga kwenye bomba, nikaning'iniza pazia mlangoni. Ni kazi ya saa moja. Nikifika kwenye vigae nakifungua, jioni nakirudisha."

"Saa moja?"

"Saa moja, na chai katikati."

Nimeandika hapa ili nisije nikasahau alivyosema. Sidhani kama nitasahau.

Alhamisi, 20 Februari

Lella kaletwa nyumbani. Mwepesi, nguo zinamzidi. Nimemwekea kile kiti cha famasi chumbani, hatimaye. Akakitazama, akasema, "Hiki cha nini sasa, na bafu limekwisha?" Ridha akacheka. Mimi nilitoka nikaenda kufua kitu kisichokuwa kichafu.

Ijumaa, 21 Februari

Ridha alikwenda kuswali Ijumaa pamoja na pacha. Wafa yuko kwa rafiki yake anasoma. Nilimpelekea Lella maji, glasi ya nne leo, nikakaa sakafuni karibu na kitanda chake kwa sababu kwenye kiti nisingeweza.

"Lella, nina jambo."

"Sema."

"Nilijua."

Hakuuliza nini. Alikunywa maji yake mpaka chini, taratibu, akanipa glasi.

"Najua ulijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Ile wiki ya mvua. Kabla yake kila asubuhi ulikuwa juu yangu. Lella chai, Lella mkate, Lella unafunga nini leo, mpaka unaniudhi. Halafu siku moja ukaacha. Ukawa unapita tu. Nikasema, basi, huyu ameshajua."

Nililia. Sioni haja ya kupamba, nililia kama mtoto aliyepigwa, kichwa kwenye godoro lake. Hakunipapasa kichwa. Hakuniambia nisilie. Alingoja, kama alivyongoja kelele zitulie siku ile ya nyundo.

"Nitamwambia Ridha akirudi," nikasema. "Kila mtu ananisifu. Siwezi tena."

"Hutamwambia."

"Lella, lazima—"

"Nisikilize. Sikukatazi kwa ajili yako. Nimemlea Ridha, ana miaka hamsini, na hajawahi hata siku moja kukaa akafikiria mama yake kaenda chooni au hakwenda. Unataka leo uniweke mbele yake na haja zangu? Na Dalila ajue? Na Hsan, masikini, aliyenibeba na kandambili, ajue nilikuwa namkimbia yeye?" Pumzi ilimwisha, akaegemea mto. "Wanasema nilikuwa nafunga. Wacha iwe nilikuwa nafunga. Hilo lingine ni lako, kaa nalo."

"Nitakaa nalo vipi?"

"Mimi nilikaa nalo mwezi mzima."

Nje mwadhini alikuwa amemaliza zamani. Muda si mrefu wangerudi. Lella akasogeza shuka na kuteremsha miguu chini.

"Nipeleke," akasema.

"Kiti hiki hapa, Lella."

"Sitaki hicho. Nipeleke huko kwenye bafu lako."

Nilimshika kiunoni, tukaenda hatua kwa hatua, mkono wake mmoja ukutani. Mlangoni akasimama akalitazama lote, vigae, kioo, kiti.

"Mtu anakaa tu? Kama karani wa posta?"

"Anakaa tu."

Akakaa, nimemshika mabega yote mawili. Halafu akaiondoa mikono yangu, mmoja mmoja.

"Geuka," akasema. "Na ufungue bomba."

Nikafungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga kelele kwenye sinki jipya, nikageukia ukutani na kungoja mpaka aniite.